Sinia la Watu Watatu

Hapo zamani, na wala si zamani ya mazimwi, ni zamani hii yetu ambayo barakoa zake bado zinaning'inia nyuma ya milango yenu, palikuwa na mkahawa katika mji mmoja wa pwani, mtaa wa Mkunguni. Msijifanye hamkumbuki. Hapo mlipo nawaona mnakohoa kwenye kiwiko. Adabu hiyo mliipata wapi kama si wakati ule?

Mwenye mkahawa alikuwa Bi Mwanasiti, mjane, mpishi hodari, na mkaidi. Siku nyingine aliuza chai na mahamri kama watu wote. Lakini Ijumaa, watu wakitoka msikitini, ilipakuliwa pilau, na pilau ya Ijumaa haikuuzwa kwa sahani. Iliuzwa kwa sinia, na sinia lililiwa na watu watatu. Ukija peke yako, utakalishwa na wawili usiowajua, na mkiinuka hapo mnajuana mpaka majina ya wakwe. Sharti hilo aliliweka marehemu mumewe, na Mwanasiti hakuligusa. Wangapi walionuniana walikalishwa pamoja makusudi! Walianza kwa kusukumiana nyama kimyakimya, wakamaliza wanagombania ukoko na kucheka.

Ilikuwa raha, jamani. Nikiieleza mate yananitoka.

Kisha ikaja korona. Mkahawa ukafungwa, masinia yakatundikwa ukutani, na Bi Mwanasiti akawa kila asubuhi anayapangusa vumbi na kuyarudisha palepale. Alichokikosa hasa kilikuwa makelele. Alikaa jikoni, meko yamezimika, akijaribu kukumbuka sauti za watu wanaobishana huku midomo imejaa, na akilia alilia waziwazi, kwani alikuwa na nani wa kumficha?

Miezi ikapita. Serikali ikasema, haya, fungueni, lakini kwa masharti: meza ziwe mbalimbali, kila mtu na sahani yake, maji na sabuni mlangoni. Lo, mji ulivyofunguka! Saluni zikajaa, maduka yakajaa, harusi zilizoahirishwa zikafanywa zote kwa mkupuo, watu wakakumbatiana kama waliotoka safari. Bi Mwanasiti naye akafungua. Na akanunua sahani, wallahi alinunua, mwanamke yule aliyekuwa akiapa kwamba sahani ni za wagonjwa.

Ijumaa ya kwanza watu wakaja. Kila mtu na meza yake, kila mtu na sahani yake, wanatazamana kwa mbali kama watoto waliotiwa adabu. Wakala, wakashukuru, wakaondoka. Ijumaa ya pili vivyo hivyo, husikii kitu ila vijiko vinavyogonga sahani.

Ijumaa iliyofuata, Mzee Msellem, mteja wa siku nyingi kuliko wote, akavumilia akashindwa. Akainuka, akaangua sinia ukutani, akalibwaga mezani.

"Mwanasiti! Nimekuja kula, sikuja kumeza dawa. Pakua humu!"

"Mzee Msellem, na masharti?"

"Masharti gani? Si wao wenyewe waliosema tufungue? Kama ugonjwa bado upo, wangesema hivyo?"

Badi, muuza samaki aliyefiwa na mkewe, mtu wa mzaha, akawa keshavuta kiti. Wakawa wawili. Mzee Msellem akatupa macho, akamwona Fumo, mshona kofia, amekaa karibu na mlango na sahani yake. Hata kofia aliyoivaa Msellem ilikuwa kazi ya mkono wa Fumo.

"Fumo! Njoo ututimize."

"Kauthara kanikataza," Fumo akasema. Kauthara alikuwa mkewe.

"Kauthara yuko wapi hapa?"

Watu wakacheka. Fumo akamtazama Bi Mwanasiti, kama anayeuliza. Bi Mwanasiti akachukua upawa, akapakua.

Tena alipakua kwa furaha, tusimsingizie. Yale makelele yalirudi palepale, ukoko ukagombaniwa, Fumo akasimulia bwana harusi aliyeshonewa kofia ikamtumbukia mpaka masikioni, na Bi Mwanasiti akasimama mlango wa jikoni anafuta machozi kwa ncha ya leso. Ndipo Badi akainua kichwa.

"Bi Mwanasiti, miezi hii umesahau kupika? Mbona pilau haina harufu?"

Watu hoi kwa kicheko. Sasa sikilizeni vizuri. Asubuhi ileile, Bi Mwanasiti akimenya vitunguu thomu, redio ilikuwa imesema: asiyesikia harufu akae nyumbani, akapimwe. Alilisikia neno hilo kwa masikio yake mawili. Lakini Badi aliposema, yeye alisikia jambo moja tu, kwamba pilau yake imetukanwa mbele za watu. Uso ukamwaka.

"Haina harufu? Ngoja!"

Akarudi jikoni, akakaanga vitunguu kwa samli, akatia bizari na iliki mpya, akaja akaimwagia pilau juu, mpaka wapita njia wakapiga chafya.

"Je, sasa?"

Badi akainama, akanusa, akatabasamu. "Aa! Sasa ndiyo yenyewe."

Na hakusikia kitu.

Mnajua kilichofuata, kwa sababu hakikufuata Mkunguni peke yake. Hospitali ya mji ikaanza kupokea mmoja, mara wawili, mara wodi imejaa na vitanda vimetolewa mpaka koridoni. Waliotoka harusini, waliotoka saluni, waliotoka kwa Mwanasiti, wote wakakutana humo. Oksijeni ikawa ya kugombaniwa. Bi Mwanasiti alipeleka uji mpaka getini, muuguzi akamwambia, "Mama yangu, uji nitaufikisha, lakini wewe rudi nyumbani. Haingii mtu."

Badi alikohoa kidogo, akapona. Mzee Msellem alilazwa siku nyingi, akatoka na mkongojo, anapumzika kila nyumba. Fumo hakutoka. Alizikwa na watu waliovaa mavazi meupe mpaka usoni, na Kauthara akaangalia kutoka ng'ambo ya barabara.

Bi Mwanasiti hakuugua hata mafua. Hilo lilimuuma kuliko ugonjwa. Akafunga mkahawa bila kuambiwa, kabla serikali haijafunga mji mara ya pili. Kauthara alikuwa shoga yake tangu utotoni, walisukana nywele, walirembana siku za harusi zao, na tangu maziko hakukanyaga mlangoni pake. Bi Mwanasiti hakutaka tena wateja wala sifa. Alitaka Kauthara apite, hata kama ni kuja kumtukana.

Ilipofika arobaini, Kauthara akatuma salamu: njoo, na lile sinia ulilete.

Akaenda. Akamkuta Mzee Msellem, akamkuta Badi. Madirisha yote wazi, mkeka umetandikwa. Pilau alikuwa ameipika Kauthara mwenyewe. Akaipakua katika sinia, akawaambia wakae, na Bi Mwanasiti akajikuta amekaa mahali pa Fumo.

Kwetu, mnajua, mwenye nyumba ndiye humnawisha mgeni wake mikono. Akikumiminia maji, basi, hana kinyongo nawe. Kauthara akaja na birika na beseni, akasimama.

"Naambiwa nisamehe," akasema. "Majirani wanasema, wanangu wanasema. Mume wangu nimeshamsamehe, ingawa alikuwa na miguu ya kuondokea. Ninyi nimejaribu, nimeshindwa. Leo moyoni nina radhi ya mtu mmoja. Wengine mtangoja mpaka Mungu anijalie. Nitamnawisha mmoja. Semeni."

Mzee Msellem akasema, akivuta pumzi katikati ya maneno: "Mimi ndiye niliyeangua sinia. Mimi ndiye niliyemwita Fumo. Lakini sikujua, Kauthara. Tuliambiwa tufungue, nikadhani yamekwisha. Niliwatamani watu. Na mimi nimelipa, unanisikia ninavyopumua. Ninawishe mimi, sina siku nyingi za kungoja."

Badi akasema: "Mimi ndiye niliyeuleta ugonjwa. Toka jana yake nilikuwa sisikii harufu ya samaki wangu mwenyewe, nikanyamaza. Nilijua nikisema nitafungiwa, na mimi tangu nifiwe nimekula peke yangu, dada, kuta nne zinanitazama. Nilitaka siku moja tu nile na watu. Nikatania ili nisiogope. Wenzangu walikosea kwa kutojua, mimi nilikosea kwa kujua, na kila nikila naona mkono wa Fumo. Ninawishe mimi, wao usiku wanalala."

Zamu ikafika kwa Bi Mwanasiti. Alikuwa ameandaa maneno tangu siku ya maziko, yote yakampotea.

"Mlango ulikuwa wangu," akasema. "Fumo aliniangalia, nikachukua upawa. Badi alisema haina harufu, na nilikuwa nimeambiwa asubuhi ileile maana yake nini. Ningesema neno moja wangeinuka. Badala yake nikaongeza bizari. Sikuleta ugonjwa, sikumwita mtu, na sikuugua. Sistahili, shoga yangu. Ila wewe ndiye uliyenibakia."

Nje mtu alikuwa anafungua duka, maana mji ulikuwa unafunguliwa tena. Pilau inatoa moshi, na harufu yake, jamani, ilikuwa ileile ya Ijumaa za zamani.

Mikono mitatu ikanyooshwa juu ya beseni: mmoja una mikunjo ya uzee, mmoja una makovu ya mapezi ya samaki, mmoja una rangi ya bizari kwenye kucha. Bi Mwanasiti akafumba macho. Akasikia birika linainuliwa.

Mimi nimefika hapo, siendi mbele. Ninyi mliokula sinia moja na mliofunga milango, mliosema na mlionyamaza, niambieni: Je, maji yale alistahili nani?