Bao la Bi Nungu katika Nyumba ya Mbweha

Paukwa!

Pakawa.

Aa, hiyo pakawa ya wenye usingizi, siitaki! Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa mmeamka. Sogeeni. Na wewe baba mtu mzima, acha kujifanya husikilizi, hii inakuhusu kuliko watoto.

Zamani hizo za kale, wanyama walipenda bao kupita kiasi. Wawili wakioana, walichonga bao lao. Walichonga pamoja, wakacheza pamoja, hata mashimo yakazoea vidole vyao.

Bi Nungu alikuwa na bao lake na mumewe. Nungu yule mwenye miba, mnamjua. Siku moja mumewe alipigwa rungu la kichwa katika shamba la watu. Hakufa, ila akili zilimpotea. Jina lake halijui. Mkewe hamjui. Anakaa tu, macho kodo! Lakini Bi Nungu akimwekea lile bao mbele, vidole vinatambaa, kete zinalia ta, ta, ta, na mzee anacheka.

"Leo nakufunga, Kidosho!"

Kidosho ndilo jina alilompa mkewe tangu wakiwa wachumba. Bi Nungu aliishi kwa neno hilo moja. Akilisikia asubuhi, kutwa nzima anachimba mihogo na hachoki.

Basi akaja Mbweha. Lo, Mbweha na mdomo wake! Akajenga nyumba kubwa, akapiga ngoma. Ndi! Ndi! Ndi!

"Leteni mabao yenu! Kila mwezi ukiandama, kikapu kimoja tu cha chakula, mcheze mabao yote ya nchi! Ya nini kuweka bao nyumbani liliwe na mchwa?"

Ngiri akapeleka lake. Kima akapeleka lake. Bi Nungu naye akajitwika lake kichwani. Jirani yake, Bi Kanga, akamshika mkono.

"Shoga, huyo Mbweha mimi simwamini hata akiwa amelala."

"Bi Kanga, bao moja linamrudishia jina langu. Yakiwa mia je? Si atarudi mzima?"

Bi Kanga akamwachia mkono. Ungekuwa wewe, ungesema nini?

Mwezi wa kwanza, raha. Bi Nungu alimpeleka mumewe, wakacheza bao lao, ta, ta, ta. "Leo nakufunga, Kidosho!" Mwezi wa pili, raha. Mwezi wa tatu, Mbweha akataka vikapu viwili.

"Mbona umeongeza?"

"Nyumba imependeza zaidi."

"Basi nipe bao langu niende zangu."

"Lako?" Mbweha akacheka, kwe kwe kwe. "Likishaingia humu ni la nyumba. Ukitoka, unatoka na mikono yako."

Mwezi wa nne, vikapu vitatu. Bi Nungu alichimba, akachimba, akachimba, mpaka kucha zikatoka damu. Akavipeleka vyote vitatu. Akaingia na mumewe, akatazama huku, akatazama kule.

"Bao letu liko wapi?"

"Lile? Nimeliondoa. Mlikuwa mnalicheza wawili tu. Nimelipasua kuni."

"Na kete?"

"Nimezimwaga mtoni. Lakini usijali, mama, yamebaki tisini na tisa!"

Bi Nungu alisimamisha miba yote. Akamkalisha mumewe kwenye bao la Ngiri. Vidole havikusogea. Akamkalisha kwenye bao la Kima. Havikusogea. Mzee akakunja mikono, macho kodo.

Habari ikaenea. Ngiri akadai lake, Kima akadai lake, wakaonyeshwa mlango. Mbweha akapiga tena ngoma, ndi! ndi! ndi! "Nyumba mpya! Mwezi wa kwanza bure!" Hakwenda hata mmoja. Kila mlango, pa! ukafungwa. Walikuwa wamemjua, lakini mabao yao alikuwa nayo yeye.

Bi Nungu alirudi uwanjani kwake. Akachimba vishimo ardhini kwa zile kucha zenye damu, safu nne, vinane vinane. Akaweka vijiwe. Akamketisha mumewe.

Mzee akanyoosha mkono. Akagusa kishimo cha kwanza. Akagusa cha pili. Akagusa cha tatu, polepole.

"Hili si letu," mzee akasema.

Akarudisha mkono wake. Hakusema tena neno lolote mpaka siku waliyomzika.

Funzo nalisema waziwazi, msije mkasema sikusema. Mtu akikuita kwa bei ndogo, na sharti lake uache kwanza kilicho chako, usimpe. Atakukodisha kitu chako mwenyewe, na siku akichoka nacho atakitupa bila kukuuliza.

Hadithi yangu imeishia hapo, na mwenzenu sina ya kuwachekesha leo.