Jina Moja la Chama cha Ungo

Hapo zamani, wala si zamani ile ya majini na wafalme, bali zamani ya juzi tu ambayo mashahidi wake bado wanakunywa chai na kubishana, palikuwa na jimbo lililoitwa Mitundwi. Jimbo hilo lilikuwa na vyama viwili, Panga na Shoka. Panga wakishinda, Shoka wananuna. Shoka wakishinda, Panga wananuna. Barabara ya Mitundwi ilibaki na mashimo yake yaleyale, maana gavana wa kila chama aliyakuta na akayaacha.

Katika jimbo hilo aliishi mwanamke aitwaye Namsifu, mpishi wa shughuli. Harusi ikiwepo, ataitwa. Msiba ukitokea, atakwenda bila kuitwa. Siku moja alikuwa jikoni msibani, amekaa kwenye kigoda, anapepeta mchele. Nje, gari la Panga likaja na watu wake, wakatoa ubani, pesa za rambirambi, wakatangaza kwa sauti nani katoa, wakaondoka. Likaja la Shoka, wakatoa ubani, wakatangaza, wakaondoka. Sufuria zikabaki na masizi yake na wanawake walewale wa kuziosha.

Namsifu akasema, "Jamani, hivi tutaendelea kuwachagua hawa mpaka lini? Si tuanzishe chama chetu?"

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Basi wakamwangalia, na mmoja akauliza, "Kweli?" Na hivyo ndivyo chama kilivyozaliwa, kati ya vitunguu na moshi.

Wakaenda mjini kukiandikisha. Karani akauliza, "Alama yenu?" Loo! Alama hawakuiwaza. Namsifu akafikiria kitu ambacho kila nyumba inacho, akasema, "Ungo." Karani akacheka mpaka akavua miwani. Walipofika nje ndipo mmoja wao akajishika kichwa na kusema, "Mama yangu! Ungo si ndio wanaosafiria wachawi?"

Kosa limeshafanyika, na kurudi kubadilisha haiwezekani. Kabla ya jua kuzama jimbo zima lilikuwa na habari. "Chama cha wachawi hicho! Mkutano wao wa hadhara utakuwa juu ya paa!" Watoto waliwapita wakipunga mikono kama wanaoruka. Wanachama wakataka kwenda redioni kukanusha.

Namsifu akawakatalia. "Ukiitwa mchawi ukakanusha, umekwisha. Tusikanushe. Tukawapikie."

Akaweka kanuni. Msibani hatutaji kura, kamwe. Tunakuja na nyungo zetu, tunapepeta, tunapika, tunaosha sufuria mpaka ya mwisho, tunaaga. Mgombea wetu haruhusiwi kuingia jikoni, watu wasije wakasema anatafuta kura kwenye machozi ya wenzake. Na kwenye vikao vyetu hakuna kujipigia debe. Mtu hajisifu. Kama unafaa, mwenzako atasema.

Sasa, sheria ya jimbo ilikuwa hivi: chama kisichosimamisha mgombea wa ugavana kinafutwa. Uchaguzi ukaja. Nani asimame? Namsifu hawezi, ndiye roho ya jikoni. Wengine wakatazama vidole vya miguu. Akainuka Hoza, fundi cherehani, mtu mrefu mwenye aibu, aliyekuwa hajawahi kuhutubia hata harusi ya mdogo wake.

"Nitasimama mimi," akasema. "Tutashindwa, hilo najua. Lakini lazima mtu ashindwe, ili chama kiwepo."

Akasimama. Akatetemeka jukwaani, akasahau hotuba, akawaambia watu kuhusu mashimo ya barabara. Akashindwa vibaya. Ungo ukarudi jikoni.

Ukaja uchaguzi wa pili. Hoza akasimama tena. Safari hii hakutetemeka sana. Akashindwa. Ungo ukarudi jikoni.

Ukaja uchaguzi wa tatu. Watoto walishampa jina, wanamwita Hoza Tena. Wateja wa Panga walipeleka vitambaa vyao kwa fundi mwingine, na wateja wa Shoka vilevile. Akasimama. Akashindwa. Lakini kura zake zilikuwa zimeanza kuonekana, na magazeti yakaandika jina la Ungo bila kutia kejeli. Ungo ukarudi jikoni.

Na jikoni huko, mambo yalikuwa yanakwenda polepole kama maharage makavu. Hakukuwa na kijiji ambacho Namsifu hajakipikia. Alijua nani kafiwa na nani, nani hasemi na nani, mzee gani hali chumvi. Watu walikula ubwabwa uliopepetwa na zile nyungo za wachawi, na hakuna aliyeota mkia. Utani ukapoa. Baadaye ukageuka kuwa mapenzi. Mtu akifiwa Mitundwi, husikii tena "mwiteni mpishi." Unasikia, "Ungo wameshafika?"

Katika msiba mmoja, kata ya Makanyeni, binti aitwaye Nakiete alifiwa na baba yake. Marehemu alikuwa Panga tangu ujana, Panga wa kufa na kuzikwa. Panga wenzake walikuja, wakatoa ubani, wakatangaza, wakaondoka. Walioosha sufuria siku ya matanga walikuwa watu wa Ungo. Nakiete akatoka chumbani na macho yaliyovimba, akachukua jivu na dodoki, akachuchumaa kando ya Namsifu, akaosha pamoja naye. Hakuna aliyemwambia neno la siasa. Wiki iliyofuata akaja mwenyewe kuomba kadi.

Nakiete alikuwa na ulimi na alikuwa na akili. Akagombea udiwani wa Makanyeni, akashinda, wa kwanza wa Ungo kushinda chochote. Siku hiyo Namsifu alilia hadharani na hakujifuta. Katika baraza la madiwani Nakiete akakuta Panga na Shoka wametoshana nguvu, yeye yuko katikati peke yake. Akaikalia kura yake hiyo moja. Panga wakaja kumbembeleza, Shoka wakaja kumbembeleza. Mwishoni akapeana mkono na Panga, akampigia kura meya wao, nao wakaleta maji ya bomba Makanyeni na kufukia mashimo ya barabara ya Mitundwi.

Baadhi ya wana Ungo waliumia sana. "Tumeosha sufuria miaka yote hii ili tumpe mkono Panga?" Nakiete akajibu, "Nendeni Makanyeni mkafungue bomba, kisha mrudi mnigombeze." Wakaenda, wakafungua. Walirudi wamegawanyika, nusu wamemsamehe, nusu bado. Lakini kata nyingine ziliyaona yale maji. Katika chaguzi ndogo zilizofuata, Ungo wakapata madiwani kata baada ya kata.

Ndipo ukaja uchaguzi wa nne wa ugavana. Safari hii Panga na Shoka walikuwa wamechokwa. Kila aliyekuwa na macho aliona kwamba Ungo wanaweza kuichukua Mitundwi. Kwa mara ya kwanza, nafasi ya mgombea haikuwa nafasi ya kushindwa.

Wakakutana kwenye ghala la ushirika, Namsifu mwenyekiti. Na hapa niseme ukweli kuhusu Namsifu, kwa sababu nampenda, na mtu unayempenda usimfanye malaika. Aliitaka nafasi ile. Umri ulikuwa unakwenda, magoti yalikuwa yanamuuma, na hakutarajia kuuona uchaguzi mwingine akiwa na nguvu zake. Asubuhi hiyo alivaa kitenge chake kipya na akajiambia ni kwa ajili ya heshima ya kikao.

"Nani atamsemea mwenzake?" akauliza.

Akainuka Mama Mbelwa, mke wa Hoza. "Mimi namsemea mume wangu. Nyinyi mmemwona akishindwa jukwaani. Mimi nimelala na huko kushindwa kitanda kimoja. Cherehani imekaa haina kazi. Wanangu wameimbiwa Hoza Tena shuleni mpaka mmoja akakataa kwenda. Siku mlipohitaji mtu wa kuaibika, mlijua nyumba yetu iko wapi. Leo panahitajika mtu wa kushinda, mmeisahau njia?"

"Mama Mbelwa, keti basi," Hoza akanong'ona.

"Siketi! Bila yeye chama kingefutwa mara tatu. Nyungo zenu zingekuwa za kupepetea mchele tu."

Watu wakacheka, kisha wakainamisha vichwa. Halafu Hoza mwenyewe akasimama, na mkewe akamwangalia kwa jicho la "usithubutu."

"Mke wangu atanisamehe, au hatanisamehe. Mimi namsemea dada Namsifu. Nilisimama kwa sababu nilijua yuko nyuma yangu. Kura nilizopata hazikuwa zangu. Mtu ananipa mkono ananiambia, 'Nimekupa kwa sababu ya yule mama aliyempikia marehemu wangu.' Kila mara. Chama hiki ni jasho lake. Aliwaza yeye, alichekwa yeye, na hajawahi kuomba hata kiti cha mbele. Tukimpa mtu mwingine leo, tutakuwa tumemtumia kama wale wa magari wanavyowatumia wanawake wa jikoni."

Namsifu akakaza macho sakafuni. Uso ulikuwa unawaka moto, na moyoni alimshukuru Hoza na kumwonea huruma kwa kile kitakachomkuta akifika nyumbani.

Akainuka Mwantumu, anayeuza samaki wa kukaanga Makanyeni, sauti yake unaisikia kabla hujamwona. "Mimi namsemea Nakiete, na sitapindisha maneno. Bibi Namsifu tunampenda. Lakini huko milimani, ambako magari ya Shoka hayachoki kupita, bado wapo wanaosema mwanamke yule ni mchawi mkuu. Baba Mbelwa tunamheshimu. Lakini watu wamezoea kumwona akishindwa, na mazoea yana tabu. Nakiete akisimama, tunashinda. Maji yake yanapita mabombani mpaka leo. Hivi tulianzisha chama ili tuzawadiane, au ili watu wapate barabara?"

"Aliwapa Panga mkono!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

"Ndiyo, aliwapa! Na wewe unakunywa maji hayo!"

Ghala likalipuka. Namsifu akagonga meza mpaka wakatulia. Kanuni ilimkataza Nakiete kujisemea. Aliinuka, akaja mbele, akapiga goti kwa Namsifu kama binti anavyomsalimu mama yake.

"Mama, nitakaloambiwa nitafanya. Ukitajwa wewe, nitazunguka kila kata na jina lako. Akitajwa Baba Mbelwa, nitabeba spika yake. Ila tusishindwe, mama. Watu wa Makanyeni niliwaambia maji ni mwanzo tu, wangoje gavana wa Ungo, na bado wananingoja."

Wakapiga kura. Hakuna aliyefika nusu. Wakapiga tena, vilevile. Na kanuni ya chama ilisema kwamba ikiwa hivyo, mwenyekiti atakwenda bomani na kulitaja jina kwa kinywa chake, na litakalotajwa halitapingwa na yeyote.

"Na mwenyekiti je," mtu akauliza, "anaweza kujitaja mwenyewe?"

Hoza akajibu kabla ya wengine. "Kanuni inakataza kujisifu. Kujitaja haijakataza."

Basi wakaenda bomani pamoja, msafara mzima, kwa miguu, kwenye ile barabara isiyo na mashimo tena. Mama Mbelwa alikuwa amenuna lakini amemshika mumewe mkono. Mwantumu alikuwa amenyamaza, jambo ambalo halijawahi kuonekana. Muda wa kupokea wagombea ulikuwa unakaribia kwisha. Namsifu akaingia ofisini na wale wawili, Hoza kulia kwake na Nakiete kushoto.

Njiani alikuwa ameyapima yote. Akijitaja, atakuwa amechukua alichokitolea maisha yake, na huenda milima ikamwangusha, na kazi yote ikaanguka naye. Akimtaja Hoza, atakuwa amemfuta machozi mtu aliyeaibika kwa ajili ya wote, na huenda akamwaibisha mara nyingine, ya mwisho na kubwa kuliko zote. Akimtaja Nakiete, watashinda. Lakini atakuwa amewaambia walioosha na walioshindwa kwamba njia yao ilikuwa ya kupitia tu, na amempa usukani mtu aliyewahi kupeana mkono na Panga mara moja na anaweza kupeana nao tena.

Msimamizi wa uchaguzi akainua uso. "Karibu, mama. Ungo wanamleta nani?"

Namsifu akamtazama Hoza. Hoza alikuwa anatabasamu, tabasamu lake lilelile la jukwaani, la mtu aliyejiandaa kupokea chochote. Akamtazama Nakiete. Nakiete alikuwa amefumba macho kama mtoto. Aliwapenda wote wawili kupita alivyodhani mtu anaweza kuwapenda watu wasio wa damu yake. Na alijipenda pia kidogo, jambo ambalo hakulizoea.

Akavuta pumzi, akafungua kinywa.

Jina alilolitaja mimi nalijua, na sitalisema mpaka nyinyi mtaje lenu. Aliyewaza na kupika, aliyekubali kushindwa, au anayeweza kushinda: msimamizi ameshika kalamu na anangoja. Je, kati yao ni nani aliyestahili? Na mkishamtaja, semeni pia: wale wawili wengine mtawaambia nini mkitoka pale nje?