Pimbi Alivyovaa Ngozi ya Fisi

Paukwa!

Pakawa!

Mnaitika kama wagonjwa. Paukwa tena!

Pakawa!

Haya, sasa ndiyo. Chande, toa mguu wako kwenye mkeka wangu, hadithi ipate pa kukaa.

Hapo zamani za kale palikuwa na kilima cha mawe katikati ya mbuga. Masika yakifika, mbuga nzima inajaa maji, na pakavu panabaki pale kilimani tu. Basi wanyama wote wanapanda. Mla majani, mla nyama, wote wamebanana kama dagaa. Watakaaje bila kuraruana?

Ndiyo maana wakatunga mchezo. Kabla ya mvua kuanza wanalizunguka jiwe moja bapa, na kila mmoja anavaa ngozi ya mwenzake. Si ngozi ya kuchuna, jamani, mbona mnakodoa macho? Ngozi ya maneno. Twiga anakuwa Kobe. Kobe anakuwa Nyani. Mwenye mchezo ni Mzee Kakakuona. Yeye anasimulia yaliyokufika, kisha anakuuliza, "Unafanya nini?" Ukishasema, unarusha nusu kokwa ya ukwaju. Ikilala weupe juu, umeweza. Weusi juu, umeshindwa.

Lakini kuweza na kushindwa si neno. Neno ni hili: mwenye ngozi yake yupo palepale, anakutazama. Mwisho anasema, "Ndiye mimi." Au anasema, "Siye mimi." Mvua ikikukuta hujakubaliwa, unashuka kilimani, wewe na wanao, mkaogelee.

Mwaka huo Mama Pimbi alikuwa na watoto wananyonya. Mnamjua pimbi? Kanyama kadogo, kanene, hakana mkia, kutwa kucha kanaota jua jiweni. Kanakaa mawe, kuogelea hakajui.

Kura ikapigwa. Mama Pimbi akapata ngozi ya Fisi. Akafurahi huyo. "Nani asiyemjua Fisi?" akajisemea. "Hii nimeshamaliza."

Zamu yake ikafika. Mzee Kakakuona akasimulia. "Bi Fisi, ni magharibi, uko mlangoni pako. Ndani mna wanao. Simba wale wanakuja. Unafanya nini?"

Mama Pimbi akainuka, akaenda chopi, chopi, chopi. "Nabeba mfupa wangu nakimbia," akasema. "Watoto nitazaa wengine. Hii hii hiii!"

Wakacheka. Wakacheka mpaka Ngiri akajamba. Kokwa ikarushwa, ikalala weupe juu, wakacheka tena.

Bi Fisi alikuwa amekaa pembeni, kidevu juu ya miguu. Hakucheka. Alingoja wakanyamaza, akasema, "Siye mimi." Akashuka zake, wala hakungoja zamu yake ya kucheza.

Mama Pimbi akatazama mashariki. Wingu lilikuwa limeshasimama, jeusi tii. Akawatazama wanawe.

"Mzee, nifanyeje?"

"Umevaa ngozi usiyoipima," akasema Mzee Kakakuona. "Nenda ukapime."

"Kwake? Si atanila?"

"Huenda," akasema mzee, maana hakuwa mwongo.

Asubuhi Mama Pimbi akawaacha wanawe kwa dada yake, akashuka. Anatembea, anasimama. Anatembea, anasimama. Hofu ilimjaa mpaka masikioni, lakini akafika mlangoni kwa Bi Fisi.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi, Pimbi wa kilimani."

"Unajua mimi nakula nini?"

"Najua, Bi Fisi."

"Na umekuja?"

"Nimekuja. Nina watoto, na mvua ile pale."

Bi Fisi akatoa kichwa shimoni, akamtazama sana. "Bahati yako nimeshiba," akasema. "Karibu. Kaa pale, usiniamshie wanangu."

Akakaa kutwa. Akaona dada zake Bi Fisi wakija, na kila anayefika anasalimia kwanza, hata mwenye haraka. Akaona Bi Fisi akivunja mfupa uliowashinda simba, wakauacha unanuka mbugani. Akaona jinsi anavyonyonyesha huku macho yako njiani. Mama Pimbi naye ana wanawe, alijua maana ya macho yale.

Magharibi, simba wakaja kweli.

Bi Fisi akamsukuma mgeni kwa pua, ndani, pamoja na watoto. Kisha akageuka, akaziba mlango kwa mwili wake. Na pale pale akaanza kucheka. Hii hii hiii! Hii hii hiii!

Anacheka? Wakati huu? Mama Pimbi akainua macho. Sasa sikilizeni: aliye ndani huona asichokiona wa nje. Mama Pimbi aliiona miguu ya nyuma ya Bi Fisi. Ilikuwa inatetemeka, tete tete tete, mpaka mchanga unawamwagikia watoto. Mdomo unacheka, miguu inatetemeka, na haitoki pale mlangoni.

Kumbe ndivyo anavyoogopa. Miaka yote mbuga nzima inakisikia kile kicheko, inasema, huyo Fisi, hana haya, hana akili. Kumbe ni mama anaogopa na hakimbii. Mama Pimbi akaona aibu, aibu ya kweli, akawakumbatia wale watoto wa mwenzake gizani.

Dada zake Bi Fisi wakakisikia kicheko, maana wao wanakijua. Wakaja mbio, simba wakaondoka. Bi Fisi alikuwa amechanika bega. Akakaa, akajilamba.

"Umeshapima?" akauliza.

"Nimepima, dada yangu," akasema Mama Pimbi.

Kesho yake wakalizunguka jiwe. Upepo wa mvua umeshaanza. Mzee Kakakuona akasimulia yale yale. "Ni magharibi. Simba wale wanakuja. Unafanya nini?"

Mama Pimbi safari hii hakwenda chopi. "Nawaingiza wanangu ndani," akasema. "Na mgeni wangu pia. Naziba mlango." Kisha akacheka. "Hii hii hiii!"

Ngiri naye akaanza kucheka. Halafu akaiona miguu ya nyuma ya Mama Pimbi, tete tete tete. Akafunga mdomo.

"Rusha," akasema mzee.

Kokwa ikaruka, ikalala weusi juu.

"Umeshindwa. Simba amekurarua bega."

"Basi nimeraruka," akasema Mama Pimbi. "Bado nipo mlangoni."

Bi Fisi akasimama.

"Ndiye mimi."

Mnadhani imeisha? Kaeni chini. Bi Fisi naye alikuwa hajacheza. Na kura yake, mnajua ilimpa ngozi ya nani? Ya Pimbi.

Mama Pimbi akainamisha kichwa. Leo nalipwa, akajua. Atalala chali jiweni, atakoroma, watu watavunjika mbavu. Na ni haki yake.

Mzee Kakakuona akasimulia. "Mama Pimbi, jua kali. Nduguzo wamelala jiweni. Tai yuko angani. Unafanya nini?"

Bi Fisi akapanda juu kabisa ya jiwe. Mwili wote ule akaukunja, ukawa mdogo. Hakulala.

"Wenzangu wanalala kwa sababu mimi niko macho," akasema. "Nalitazama jua lenyewe, bila kupepesa, maana tai hujificha upande wa jua. Watu wanapita chini wanasema, tazama mvivu yule. Mimi nimo kazini."

Kisha akapiga mluzi. "Wiii! Wiii!"

Watoto wa Pimbi waliposikia, fyuu, wote wakaingia ufani, hata mkubwa wao asiyesikia la mtu. Hawakujua kwamba si mama yao.

Mama Pimbi machozi yakamtoka. "Umejulia wapi hayo, dada?"

"Si mimi nakaa pale chini?" akasema Bi Fisi. "Kila siku nakusikia. Ukipiga mluzi wako, na mimi nawaingiza wangu ndani."

Kila siku, jamani. Miaka yote hiyo Mama Pimbi alikuwa analinda watoto wa Fisi, na Fisi anajua, na yeye hajui.

"Ndiye mimi," akasema Mama Pimbi. "Ndiye mimi kabisa."

Mvua ikashuka, chwaa. Wakahamia kwenye pango kavu, watoto wa Pimbi na watoto wa Fisi wamelaliana, ukitazama hujui mguu huu wa nani.

Basi nanyi, wakubwa kwa wadogo, shikeni hili: ukitaka kumwigiza mtu, kakae kwake kwanza. Kumwigiza usiyemjua ni kumtukana. Kumwigiza unayemjua ni kumheshimu.

Hadithi yangu imeishia hapo, juu ya jiwe kavu. Na mnaoniigiza mimi nikigeuka mgongo, nawajua. Njooni kesho asubuhi kwanza, tuchambue mchele.