Vitufe Vinane vya Binti wa Kwaya

Wapendwa, mpiga kinanda wa kanisa fulani alikikalia kiti chake miaka ishirini na miwili. Harusi alipiga yeye, mazishi alipiga yeye, na hakuna aliyewahi kumwambia asogee. Mnamjua mtu wa namna hiyo. Msigeuke kumtazama!

Jumamosi moja, baada ya mazoezi, binti mmoja wa kwaya akaja na kinanda kidogo cha kubeba kwapani, chenye vitufe vinane vya mpira vinavyowaka taa. Akakiunganisha na kompyuta kwa waya, akafungua programu ya muziki, akaanza kukipanga. Anachagua sauti, anagonga kitufe, sauti inakaa hapo. Akimaliza vitufe, anahamia kwenye vibonye vyeupe na vyeusi.

"Mwalimu, hebu njoo usikilize kama hii imekaa sawa," akamwita mpiga kinanda wetu.

"Masikio yangu ni ya vinanda, si ya midoli," akajibu, akachukua kofia yake.

Lakini alisimama nje ya dirisha akasikiliza. Na ilikuwa tamu, wapendwa! Tamu hadi ikamuuma. Jumapili binti akakipiga ibadani, watu wakapiga vigelegele, mama mmoja akalia kabisa, na yule bwana kwa wivu akaacha kuimba kiitikio. "Mbona mimi hawajanililia hata siku moja?" akawaza.

Mnadhani alimfuata binti? Thubutu! Alikwenda kwa wazee wa kanisa. "Wazee wangu, zile ni sauti za disko. Zinawatoa watu kwenye ibada." Akasema wiki hii, akarudia wiki iliyofuata, mpaka wazee wakachoka naye. Wakamwita binti, wakamwambia afute zote. Hakubishana. Alifuta mbele yao, kitufe baada ya kitufe, taa zikazimika.

Basi mshindi wetu akaingiwa na huruma. Mnaijua ile huruma ya mtu aliyekwisha kushinda? Akamkuta binti anakunja waya wake.

"Binti yangu, usinune. Hivi zile sauti ulizitoa wapi?"

"Kwako, mwalimu."

"Kwangu?"

"Nilikurekodi kwa simu wakati wa Kwaresima, ulipokuwa ukijipigia peke yako kabla watu hawajafika. Nikakatakata vipande, kila kitufe nikakiwekea kipande chako. Nilijua siku moja utastaafu, nikataka tusikukose."

"Huna nakala?"

"Niliambiwa nifute zote, mwalimu. Nimefuta zote, hata za kwenye simu."

Ndugu zangu, yule mama Jumapili ile alikuwa akimlilia nani?

Na sisi je? Mama, huyo mkwe anayesifiwa mapishi mpaka unanuna, alijifunza kwenye jiko la nani? Fundi, huyo anayekuchukulia wateja, nani alimfundisha kushika randa? Wivu ukituingia masikioni, hata mlio wa mikono yetu wenyewe hatuutambui. Tunashtaki, tunashinda kesi, tunarudi nyumbani tumejifuta wenyewe.

Najua wamo humu waliokwisha kupanga la kuwaambia wazee leo baada ya ibada. Pita kwanza kwa huyo mwenzako. Muulize hicho kizuri amekitoa wapi, na umuulize kabla hajafuta.