Kwa Nini Mgeni wa Ngongwe Haulizwi Ataondoka Lini

Mnaona jinsi koo zilivyojazana katika mji huu wetu wa Ngongwe, hata jirani hajui babu wa jirani yake alitoka wapi. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Tulieni niwaeleze, na anayetaka kusinzia akasinzie kwao.

Zamani hizo hapakuwa na mji popote. Kila ukoo ulikaa kando ya shamba lake na kutunza mbegu yake wenyewe. Kuchanganya mbegu za koo mbili kulikuwa mwiko mkubwa, kwa kuwa wote wenye mbegu katika ghala moja walihesabiwa ndugu, na ndugu hakufukuzwa.

Mwaka mmoja mto ulifurika. Watu wa bondeni, waliokuwa wakipanda mtama mwekundu, walikimbilia kilima cha Ngongwe wakiwa na watoto na vibuyu vya mbegu. Wenye kilima walipanda mtama mweupe. Mkuu wao, Lukolo, aliwazuia kwenye ua wa miiba, mikuki ikiwaelekea vifuani. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa tu kwamba chakula hakingetosha.

Maji yaliwafikia magotini waliosimama nyuma. Hapo mjane mmoja wa bondeni, Sihaba, akapenya chini ya miiba, mgongo ukichanika, akakimbilia ghala na kumimina ndani kibuyu chake chote. Kisha akaingiza mikono, akakoroga.

Mkuki wa Lukolo ukamgusa shingoni.

"Umefanya nini, mwanamke?"

"Nimeiweka mbegu yangu kwako, baba. Ukinitupa mimi, tupa na ghala lako."

Lukolo aliwaka hasira, lakini mwiko aliujua. Akaamuru ua ufunguliwe, wanawake wa pande zote mbili wakae chini, watenganishe nyekundu na nyeupe. Punje ya mwisho ikishatoka, wageni warudi walikotoka.

Wakakaa. Sihaba alichambua huku machozi yakimdondokea vidoleni, maana kila punje aliyoitoa iliwasogeza wanawe kwenye maji. Lundo jekundu likazidi kukua. Ndipo Namwaka, mke wa Lukolo, akainuka kujinyoosha, akajikwaa, na malundo yote mawili yakamwagikiana.

"Mguu umekufa ganzi," alimwambia mumewe, akimkazia macho. "Itabidi tuanze upya."

Kabla Lukolo hajajibu, udongo uliporomoka chini ya ghala. Maji yalikuwa yameanza kukila kilima. Akawatazama watu wake, wachache mno, kisha akawatazama wale wa bondeni, waliozaliwa wakichimba mifereji. Akaushusha mkuki.

"Chukueni majembe," alisema. "Kuchambua kutaendelea baadaye."

Walichimba bega kwa bega mpaka maji yakageuka upande. Lakini mfereji ulitaka watu wa kuusafisha, ghala likataka walinzi, na mavuno yakataka wafinyanzi wa vyungu. Koo nyingine zikasikia, zikaja, kila moja na kibuyu chake. Nyumba zikalizunguka ghala, na vijia vya katikati vikawa mitaa.

Na tangu siku hiyo mashamba yetu huota mtama mwekundu na mweupe pamoja. Mgeni akifika Ngongwe humimina konzi ya mbegu ghalani, na akiuliza anaruhusiwa kukaa mpaka lini, hujibiwa, "Mpaka tumalize kuchambua."

Bado hatujamaliza.