Nyati na Injini Iliyonguruma

Hapo zamani za kale, na kwa hesabu kamili mwaka wa 1979, Jumanne ya kwanza ya Februari, jua lilikuwa kali tangu saa moja asubuhi, upepo haukuwapo hata wa kutikisa jani, na mvua ilikuwa haijanyesha kwa siku arobaini na moja. Asubuhi hiyo, wajukuu zangu, Nguchiro aliamka akijua kwamba ikifika saa nne atakuwa ama bwana wa barabara ama mtumwa wa Nyati.

Nguchiro alikuwa mchukuzi. Kwa miaka sita yeye na mkewe walisukuma mkokoteni wa viazi kutoka Bondeni hadi stesheni ya reli, iliyojengwa juu ya Mlima Kwikwi. Nyati naye alibeba mizigo mgongoni, na kila walipokutana njiani alimpiga Nguchiro kikumbo, puu! hadi mtaroni.

"Pisha, kijiti! Wenye miguu wapite!"

Mwaka huo ushirika wa wanyama ulinunua pikapu mbili kuukuu na matela mawili. Mwenyekiti wake, Bi Mbuni, akatangaza kwa shingo iliyonyooka:

"Uchukuzi wa msimu mzima atapewa yule atakayefikisha tela la viazi, magunia thelathini, stesheni kabla ya treni ya saa nne."

Nyati akacheka, ho! ho! ho! "Nami naongeza sharti. Atakayeshindwa atapakua magunia ya mwenzake mpaka aote mvi. Wakubali, kijiti, au magoti yanagongana?"

"Nakubali, mjomba," alijibu Nguchiro. Bi Mbuni akaandika katika daftari lake, kwani alikuwa na desturi ya kuandika kila neno lililosemwa mbele yake.

Ila Bondeni kulikuwa na desturi nyingine, ya kale zaidi: mkubwa huchagua kwanza. Iwe kiti, iwe kivuli, iwe pikapu.

Mchana wa Jumatatu Nguchiro alikuwa amezizunguka pikapu zote mbili, akazipanda na kuzishuka, akalala chini ya matumbo yao. Kisha akachora hesabu mchangani, mkewe akitazama.

"Nyekundu ni ya petroli," alisema Nguchiro. "Ina nguvu farasi mia moja na hamsini. Nyeupe ni ya dizeli, nguvu farasi tisini tu."

"Basi tumekwisha, Baba Watoto! Nyati atachukua nyekundu."

"Na achukue! Mke wangu, gunia moja ni kilo tisini. Mara thelathini ni kilo elfu mbili na mia saba, tela lenyewe sijalitia. Na Kwikwi, kila hatua nane mbele, moja juu. Sisi tunapousukuma mkokoteni pale, huwa tunapiga mbio?"

"Mbio! Pale tunakanyaga, hatua kwa hatua, meno yameumana."

"Ndiyo siri yenyewe. Nyekundu hupata nguvu zake injini inapozunguka kwa kasi sana. Mlima ukiikamata, mizunguko inashuka, na nguvu zinashuka nayo. Nyeupe hupata nguvu yake ya kuvuta ingali inazunguka polepole. Hii inakanyaga kama sisi."

Mkewe akakuna sikio. "Na Nyati akiichagua nyeupe?"

Hofu ya Nguchiro ilikuwa hiyo hiyo. Kisha akachora mistari tisa mchangani.

"Katika miaka sita nimempa Nyati ushauri mara tisa. Nilimwambia mto umejaa, akaingia. Nilimwambia daraja limeoza, akalikanyaga. Mara tisa nilisema kweli, na mara tisa alifanya kinyume. Tisa kwa tisa! Kesho nitamwambia kweli mara ya kumi."

Basi Jumanne, saa mbili kasorobo, wanyama wote walikusanyika uwanjani. Bi Mbuni akaiwasha nyekundu. Vruuum! Vruuuuum! Watoto wa Ngiri wakakimbilia nyuma ya mama yao. Akaiwasha nyeupe. Ga-ga-ga-ga, koh! ga-ga-ga.

Sasa, katika ukoo wa Nyati, tangu enzi za mababu, dume la kuongoza kundi huchaguliwa kwa mngurumo. Anayenguruma zaidi ndiye mwenye nguvu. Hakuna anayempima kwa mzigo. Nyati akaitegea nyekundu sikio, macho yakamlegea.

Lakini kisha, masalale! akageuka, akaiendea nyeupe. Akainusa. Akaisukuma kwa pembe.

"Hii kikongwe ina kifua kizito," akanong'ona. "Hmm."

Nguchiro akaruka mbele, akaushika mkia wa Nyati kwa mikono miwili.

"Mjomba Nyati, sikiliza! Chukua nyeupe, nakusihi! Nyeupe ndiyo inayovuta. Nyekundu inapiga kelele tu!"

Nyati akashusha kichwa mpaka pua yake ikamgusa Nguchiro.

"Ati nini?"

"Kweli tupu, mjomba. Sikio si mzani."

"Ahaa!" Nyati akainuka, akawageukia wanyama. "Mmemsikia? Kijiti anataka nimwachie simba, mimi nichukue mgonjwa wa kifua! Mdogo wee, mimi si mtoto wa jana. Nyekundu ni yangu!"

"Mjomba, utajuta."

"Utajuta wewe, mpakuzi wangu!"

Bi Mbuni akaandika yote, neno kwa neno.

Saa mbili kamili safari ikaanza. Kilomita mbili za kwanza ni tambarare, na nyekundu ikaondoka kama mshale, vruuum! vumbi likamfunika Nguchiro mpaka kope. Nyati akatoa kichwa dirishani: "Nitakusalimia nikishuka!"

Nguchiro alikuwa na mkewe kando yake. Aliishika njia yake. Ga-ga-ga-ga.

Kisha Kwikwi ukaanza. Katika kilomita ya tatu nyekundu ilipunguza mwendo, ikatetemeka, ikanyamaza. Nyati akaiwasha tena, akakanyaga mafuta hadi mwisho huku akiichezea klachi. Vruuum! Tela halikusogea. Harufu ya kuungua ikatapakaa, na rejeta, iliyochemka kama chungu cha harusi, ikafyatua kifuniko: fwoooosh!

Alipopangusa macho, Nyati alisikia kikohozi nyuma yake. Nyeupe ilikuwa inapanda kwa gia ya kwanza, bila haraka, bila kusita, magunia thelathini yakiifuata kwa adabu.

"Shikamoo, mjomba," alisema Nguchiro, akapita.

Saa tatu na dakika kumi alikuwa stesheni. Akalifungua tela, kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyemwomba. Viazi vya tela la pili vilikuwa jasho la wakulima wa Bondeni, na jua lile lingeviozesha njiani. Akashuka mlima, akaliunga tela la Nyati, na Nyati mwenyewe akapanda kwa miguu akifuata nyuma. Saa nne kasoro dakika nane, ga-ga-ga, koh! tela la pili likaingia stesheni.

Hapo, mbele ya Bi Mbuni na wanyama waliokwea mlima kushuhudia, ndipo Nyati alipopaza sauti. "Bi Mbuni! Huyu amenidanganya! Mchezo urudiwe!"

"Bi Mbuni," alisema Nguchiro kwa upole, "tafadhali tusomee."

Bi Mbuni akafungua daftari. "'Chukua nyeupe, nakusihi. Nyeupe ndiyo inayovuta. Nyekundu inapiga kelele tu.' Kisha: 'Sikio si mzani.' Kisha: 'Mjomba, utajuta.'" Akalifunga, pa! "Bwana Nyati, uongo uko mstari upi?"

Ngiri akakohoa kuficha kicheko. Nyati akatazama kwato zake.

"Lakini ulijua sitakuamini!"

"Nilijua, mjomba. Tisa kwa tisa. Kutoniamini ulijichagulia mwenyewe, na mkubwa huchagua kwanza."

Treni ikapiga honi, pooo! Nyati akainama, akajitwika gunia la kwanza, akapakua yote sitini. Nguchiro na mkewe walikaa juu ya pikapu nyeupe, miguu ikining'inia, wakiyahesabu.

Ukweli haupungui uzito kwa ufupi wa anayeusema.

Na gharama ya Nguchiro siku hiyo, safari zote zikijumlishwa: dizeli, lita sita na nusu.