Doti ya Khanga Kwenye Matundu ya Hewa

Akina mama, sogeeni. Na mwenye mtoto analia asitoke nje, abaki naye hapahapa, maana mfano huu ni wake.

Walikuwepo mume na mke, watu wa huku kwetu, waliokwenda kutafuta maisha nchi ya baridi, na huko wakapata kuishi ndani ya boti. Si boti ya kuvulia, hapana, ni boti ya chuma, ndefu na nyembamba kama korido ya zahanati, imefungwa kamba kando ya mfereji, watu wanapika humo, wanalala humo, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Wakajaliwa binti. Alipofikisha miezi minne ikaingia baridi ile ya kufanya maji ya mfereji yagande juu kama uji ulioachwa mezani. Na yule mama, uzazi wa kwanza, hana mama karibu wala shangazi, akashikwa na hofu moja: mwanangu atanifia kwa baridi. Akimnyonyesha anamgusa miguu, akimlaza anamgusa pua, akimaliza pua anarudia miguu.

Basi likapatikana jiko. Jiko la kuni, la chuma, zito, lina bomba la kupandisha moshi juu ya paa, kazi yake kupasha chumba joto. Furaha iliyokuwepo siku hiyo! Mama analifuta vumbi kabla hata halijashuka kwenye toroli. Lakini liwekwe wapi? Hapo sasa kila mwamba ngozi akavutia kwake.

"Likae mbele, mlangoni," mume akasema. "Kuni ziko pale, majivu tunamwaga palepale."

"Mlangoni analala nani, kuni? Likae katikati, karibu na kitanda cha mtoto."

"Katikati tutapitaje? Humu mtu akinenepa kidogo anakwama."

"Basi usinenepe, baba watoto."

Siku tatu wanabishana, jiko limekaa nje limefunikwa turubai, na mama anahesabu vidole vya mtoto vilivyopoa. Siku ya nne akaja fundi, Mpemba mmoja aliyeishi boti ya nyuma yao, akainama mlangoni akacheka.

"Hongera, bwana, nasikia umepata jiko la pili. La kwanza limeridhia?"

"Hilo la kwanza ndilo linalochagua mahali," mume akasema.

Fundi akapima, akaamua: katikati, ubavu wa kulia, na ubavu wa kushoto akapanga mawe bapa ili boti isilale upande. Mama ameshinda. Alasiri ile moto ukawashwa, mama kampakata mtoto mbele ya jiko, anatabasamu peke yake, anangoja joto kama anangoja mgeni kutoka nyumbani.

Moto ukagoma. Kuni kavu, kiberiti kizuri, lakini mwali unainuka kidogo, unajikunja, unazimika, na moshi badala ya kupanda bombani unarudi chumbani. Mtoto akakohoa. Akakohoa tena.

"Nilisema mlangoni," mume akasema. "Mahali hapa pabaya."

"Kwa hiyo ni mimi? Sema ni mimi. Fundi, ling'oe, lipeleke huko anakotaka, lipeleke popote, mwanangu anakufa moshi."

Jamani, mnawaona? Mtoto anakohoa, wao wako kwenye mahali.

Fundi hakubishana. Alifungua mlango akamsukuma mama na mtoto wake nje, kwenye baridi ileile aliyokuwa anaikimbia. Kisha akapiga magoti, akapapasa chini ya mlango.

"Hapa huwa pana matundu mawili ya hewa. Yako wapi?"

Mtoto keshaacha kukohoa, anavuta pumzi, anashangaa ndege.

"Nimeyaziba mimi," mama akasema. "Tangu wiki iliyopita. Upepo ulikuwa unaingilia hapo unamfuata mtoto."

"Na hewa iingilie wapi, bibie? Moto nao unapumua. Na nyinyi mnapumua. Leo mshukuru moto umekohoa mapema, ungewaka taratibu mngesinzia wote watatu msiamke."

Akavuta. Ikatoka khanga, doti nzima, kipande tundu hili, kipande tundu lile, ile ambayo mke alipewa na mama yake mzazi siku ya kuondoka. Fundi akakung'uta kipande kimoja, na kwa kuwa mtu wa pwani haachi khanga bila kusoma jina lake, akasoma kwa sauti: "Mola ndiye mlinzi wa mwanangu."

Hakuna aliyecheka. Nyuma yao moto ulishusha pumzi moja ndefu, halafu ukawaka wote.

Wenzangu, sisi ni yule mama. Tusimcheke. Aliziba kwa mapenzi, aliziba akitetemeka, na aliyempenda mtoto kuliko wote ndiye aliyekuwa anamkata pumzi. Sisi tumehama nyumba, tumehama mtaa, tumehama hata kanisa, kila penye moshi tunasema mahali ndipo pabaya. Nani ameinama akapapasa chini ya mlango? Binti hatoki, hana rafiki, hatumi neno kwa shangazi yake, tunasema tunamlinda. Mume akitaka kusema tumeshamjibu. Muuguzi akituuliza tunaficha, tunaogopa atakachotuambia. Na juu ya hayo yote tumevaa maandishi kwamba Mola ndiye mlinzi. Tunayaamini, ndiyo, lakini usiku wa hofu tunayakunja, tunayashindilia kwenye tundu lilelile alilotuachia Yeye tupumulie.

Yule mama alifua khanga yake, na kipande kimoja akambebea mtoto mgongoni. Ndiyo kazi ya khanga.

Ya kwako iko wapi leo?